Mwalimu na Chombo Asichokiomba

Kuna swali ambalo limenikaa moyoni kwa miaka kadhaa sasa, nalo ni hili: je, mwalimu ana wajibu wa kujifunza kutumia chombo ambacho yeye mwenyewe hakukiomba? Ukilitazama juu juu utaona ni swali dogo, la maofisa na waandaaji wa semina. Mimi naliona kuwa ni swali la maadili, kwa kuwa linahusu deni, na palipo na deni hapana budi tuulize nani anadaiwa, anadaiwa na nani, na kiasi gani.

Swali hili lilipata sura mpya mwishoni mwa mwaka 2022. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwezi wa Agosti mwaka ule, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa vilianza kugawiwa walimu. Basi mwalimu wa shule ya msingi huku juu migombani, ambaye hadi jana yake zana zake zilikuwa chaki, ubao, dasta na karatasi za manila, akajikuta ameshika kioo kinachoweza kubeba maktaba nzima. Hakukiomba wala hakuulizwa. Aliitwa, akatia saini, akakabidhiwa.

Tangu hapo nimesikia hukumu za aina mbili. Wako wasemao, "Walimu wetu ni wavivu. Wamepewa kitu cha thamani, wamekifungia kabatini." Na wako wengine, wengi wao wazee wenzangu, wanaosema, "Tuacheni jamani. Kwa chaki hii hii wametoka madaktari, mapadre na wahandisi. Kioo hicho cha nini?" Hukumu zote mbili zina wasikilizaji wengi, hasa jioni penye mbege. Lakini zote mbili zimemsahau mtoto, nami naona hatuwezi kulijibu swali letu bila ya kumfikiria yeye.

Kwanza tukubaliane kwamba jambo lenyewe si geni. Ni mara chache mno mwalimu ameulizwa anataka chombo gani. Mafunzo ya ualimu katika mlima huu yalianza chini ya wamisionari wa Kilutheri. Ubao na chaki, ambavyo leo tunaviona kuwa ndio ualimu wenyewe, vilikuwa vitu vya kigeni kwa jamii iliyokuwa ikiwafundisha watoto wake kando ya moto na ukingoni mwa mfongo. Kuandika ubaoni ni ufundi, na ulifundishwa. Nakumbuka sisi chuoni tulitengewa saa za kuufanyia mazoezi: herufi ziwe za kimo kimoja, mstari usipande wala kushuka, na mgongo usilielekee darasa kwa muda mrefu. Usione vyaelea, vimeundwa. Mzee anayesema chaki haihitaji mafunzo amesahau tu siku alizofundishwa.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1973, nilipokuwa mwalimu kijana, ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi wakasikiliza Radio Tanzania ikizungumza juu ya malaria, kuhara na vyoo. Leo wengi huisifu redio. Waliokuwapo wanajua kwamba redio ilikuwa sehemu tu ya kazi. Kabla haijasema neno, viongozi wa vikundi walikuwa wamekwisha kufundishwa jinsi ya kuendesha mazungumzo, na vijitabu vilikuwa vimeandaliwa. Redio iliponyamaza watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Chombo kiliwakuta watu walioandaliwa, na kazi ya kufanya ilikuwa ikijulikana.

Kuanzia mwaka 1976, wakati wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, yaani UPE, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walisomea ualimu huku wakifundisha. Walisoma kwa njia ya posta na kwa vipindi vya redio, wakisimamiwa palepale kazini. Watu waliwabeza kwa kuwaita "walimu wa UPE", na upungufu kwa kweli ulikuwapo. Hata hivyo, wale niliowafahamu ambao walikuja kuwa walimu hodari walikuwa na jambo moja la kufanana. Kila mmoja wao alikuwa na mwalimu mzoefu aliyeketi nyuma ya darasa lake, akatazama, kisha akazungumza naye kwa staha. Makaratasi ya posta yalikuwa yale yale kwa wote. Tofauti ililetwa na mtu aliyekuwa karibu.

Kwa upande wa kompyuta, kizazi changu kiliachwa mbali. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na ingawa zuio hilo liliondolewa baadaye, mpango wa kupeleka kompyuta katika vyuo vya ualimu vya serikali ulianza mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden. Kwa hiyo mwalimu aliyemaliza chuo mwaka 1988, akapewa kishikwambi mwaka 2022 akiwa na miaka michache tu kabla ya kustaafu, chuoni hakufundishwa chombo cha aina hiyo hata siku moja. Akibonyeza akakosea, haifai kumcheka.

Labda utaniambia, ndugu msomaji, kwamba basi umri unamwondolea mwalimu huyo wajibu. Hapo sikubaliani nawe. Huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, hakuna aliyewaandalia semina akina mama wanaouza ndizi katika soko la Mbuyuni. Leo mama wa miaka 70, ambaye shule aliiacha darasa la nne, anapokea fedha kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam, anaweka, anatoa, na ukimdanganya salio anakukamata. Alijifunzaje? Mjukuu aliyekuja kula Krismasi alimwonyesha mara ya kwanza, jirani akamkumbusha mara ya pili, na mara ya tatu akafanya mwenyewe kwa sababu fedha zilikuwa zake. Uzee haukumzuia. Alikuwa na haja, na alikuwa na mtu mvumilivu pembeni yake.

Tukisema hivyo tunaingia katika ugumu mwingine. Haja ya yule mama ni yake mwenyewe. Asipojifunza, anayepata hasara ni yeye. Mwalimu yuko katika hali nyingine kabisa. Asipojifunza, mshahara wake unaingia kama kawaida. Mwenye hasara ni mtoto, na mtoto hana habari.

Nitoe mfano wa hospitali yetu ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Chukulia kwamba mashine mpya ya kupima wagonjwa imeletwa wodini. Muuguzi hakuiomba. Je, anaweza kusema, "Mimi nimewahudumia wagonjwa miaka 30 bila ya mashine hii, sina haja nayo"? Tutamwambia kwamba haja inayotazamwa ni ya mgonjwa, naye mgonjwa amelala pale, hajui mashine ipi ingemfaa, amemwamini muuguzi ajue kwa niaba yake. Hiyo ndiyo tofauti ya kazi ya kuuza ndizi na kazi za namna hii. Anayehudumiwa hawezi kutukagua. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kulalamikia somo ambalo hakulipata, kwa sababu hajui kwamba lingeweza kuwapo. Kwa hiyo wajibu wa mwalimu wa kujifunza unatokana na ukimya wa mtoto. Hautoki katika waraka wa wizara, wala katika thamani ya chombo.

Hapa kuna jambo lililotokea katika nchi yetu ambalo kila mwalimu anapaswa kulifikiri. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, katika mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Lilikuwa shindano la kimataifa, XPRIZE, lenye zawadi ya dola milioni 10. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamepata kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, bila ya mwalimu wa darasani, idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi iligawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Baadhi ya walimu huchukia kusikia habari hiyo. Mimi naona ni afadhali tuitazame usoni. Inatuambia kwamba kioo kinaweza kufundisha herufi, na kwamba mwalimu ambaye kazi yake yote ni kuandika maelezo ubaoni ili watoto wanakili ana sababu ya kukiogopa. Lakini haisemi kwamba mwalimu hana kazi. Nusu ya watoto wale ambao hawakuweza kusoma mwanzoni bado hawakuweza mwishoni, na ni nani angegundua kwa nini mtoto huyu amekwama pale ambapo mwenzake amepita? Hiyo ni kazi ya macho ya mtu anayemfahamu mtoto. Chombo kikimpunguzia mwalimu kazi ya kuandika ubaoni, kinampa nafasi ya kutazama. Asiyekijua chombo hawezi kuipata nafasi hiyo.

Je, kwa kusema haya ninamfunga mwalimu atumie kila kitu anacholetewa? La. Wajibu wake ni kwa mtoto, hana wajibu wowote kwa chombo. Kutokana na wajibu huo huo anapata haki ya kukikataa chombo pale kisipomfaa mtoto. Ila haki hiyo ina sharti lake, yaani akijue kwanza. Anayekataa kitu asichokijua ameogopa tu, hata kama hoja zake ni nzuri. Na anayekubali kitu asichokijua, kwa kuwa mthibiti ubora anakuja kesho, naye ameogopa vilevile.

Nitaeleza walimu wawili wa huku mlimani. Wa kwanza, mwanamume anayefundisha hisabati darasa la nne, alijaribu kishikwambi katika somo la sehemu. Kwa majuma mawili watoto walitazama duara likikatwa kiooni kuwa nusu, theluthi na robo. Kisha akakirudisha kabatini, akaleta viazi na kisu. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mwalimu, kiooni vipande hutoka sawa siku zote, kwa hiyo hakuna mtoto aliyeuliza kama ni sawa. Kwenye kiazi wanagombana kwamba kipande hiki ni kikubwa kuliko kile, na hapo ndipo wanapoelewa theluthi ni nini." Mtu huyo amekikataa chombo kwa haki. Amekijua, amekipima kwa watoto wake, na anaweza kutoa sababu inayohusu somo.

Wa pili ni mama aliyepita miaka 50, anayefundisha sayansi. Watoto walikuwa wamepanda maharage katika makopo na kuyaweka dirishani. Kila asubuhi na kila jioni kwa siku tisa alilipiga picha kopo moja, akisimama mahali palepale. Siku ya kumi aliwaita watoto kwa makundi ya wanane wanane, maana kioo kilikuwa kimoja na darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 50. Akazipitisha picha kwa haraka, moja baada ya nyingine. Watoto wakaona mche ukiinuka na kuinama kuelekea kwenye mwanga. Mche huo walikuwa wakiutazama kila siku, lakini hawakuuona ukigeuka, kwa sababu ulikwenda polepole mno. Msichana mmoja akauliza, "Tukiligeuza kopo, utarudi?" Wakaligeuza. Nimekaa katika ualimu miaka karibu 40 na sikuwa na zana ambayo ingeliibua swali lile kwa wepesi namna ile.

Nimesema mwalimu anadaiwa. Sasa tugeukie upande wa pili wa daftari, kwa maana yeye naye anawadai watu. Anayemkabidhi mtu chombo na kutaka akitumie kwa ajili ya watoto amechukua deni la kumpa muda wa kujifunza, mwenzake wa kujifunza naye, na ruhusa ya kutojua.

Tumezoea semina. Walimu kutoka Rombo, Kibosho na Marangu wanateremka mjini Moshi kwa siku mbili. Mwezeshaji anasimama mbele na projekta, anasoma kurasa moja baada ya nyingine, tena pengine ukurasa wenyewe unasema kwamba mwalimu bora hahutubii darasa. Mchana kuna chakula, jioni kuna posho, na mwisho kuna cheti. Aliyehudhuria anarudi shuleni kuwafundisha wenzake saba kwa dakika 30 yale aliyoyasikia kwa siku mbili. Maji yanayopita katika mfongo usiosafishwa hupungua kila hatua, na shamba la mwisho hupata matope. Baada ya hapo tunashangaa kwamba makabati yamefungwa.

Tatizo hili halikuanza kwetu. Peru, huko Amerika ya Kusini, iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule. Utafiti uliotolewa mwaka 2012, uliofanywa katika shule za vijijini, ulionyesha kwamba watoto walikuwa wamezipata na kuzitumia kompyuta, lakini alama zao za hisabati na lugha hazikupanda kuliko za wenzao wasiokuwa nazo. Mashine ziligawiwa kwa wingi. Kuhusu namna mwalimu angebadilisha somo lake kwa kuzitumia, kulifanyika kidogo sana.

Kwa sababu hiyo nimeupenda mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA, ulioanzishwa nchini katika miaka hii. Wazo lake ni kwamba walimu wa shule moja wakutane mara kwa mara katika jumuiya ya ujifunzaji, walete tatizo la darasani kwao, walijadili, wajaribu, warudi waeleze. Na kishikwambi chenyewe kinaweza kuwaletea masomo ya Taasisi ya Elimu Tanzania bila ya kumpandisha mtu basi. Huko ni kurudi kwa yule mwalimu mzoefu aliyeketi nyuma ya darasa. Lakini wazo jema nalo linaweza kuuawa. Ukiwaambia walimu wakutane saa tisa na nusu mchana, wakati wana madaftari 60 ya kusahihisha na bando la intaneti wanalinunua wenyewe, utapata mahudhurio kwenye karatasi na si mafunzo. Muda wa kujifunza uwekwe ndani ya ratiba ya shule kama vile muda wa hisabati ulivyowekwa.

Nimebakiza ruhusa ya kutojua, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Sisi tumelelewa kwamba mwalimu ni mtu anayejua. Hadhi yake imesimama hapo. Leo katika shule nyingi anayekijua chombo vizuri zaidi ni mwalimu wa ajira mpya mwenye miaka 26, na baada yake ni mtoto wa darasa la saba ambaye mjomba wake alimwachia simu janja mwezi wa Desemba. Kumwomba mtoto huyo msaada mbele ya darasa kunamwumiza mzee. Naamini kabati nyingi zimefungwa kwa sababu ya aibu hii kuliko uvivu.

Siku ya zile picha za maharage nilikuwapo. Picha zilikuwa zimechanganyika, za jioni zikitangulia za asubuhi, na yule mama hakujua jinsi ya kuzipanga. Mvulana mmoja akanyoosha kidole. Mama akampa kioo, akasema, "Nionyeshe taratibu, nami nijue." Mtoto akamwonyesha. Kisha mama akarudia mwenyewe huku darasa zima likitazama, akakosea, akarudia tena, akapata. Hadhi yake haikupungua hata kidogo. Watoto wale walikuwa wameona jambo ambalo huwa tunawaambia kwa maneno tu, kwamba mtu mzima hujifunza, hukosea, na hurudia. Kuuliza si ujinga, tunawaandikia hivyo ukutani. Ni mara ngapi wanatuona tukiuliza?

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mwalimu ana wajibu wa kukijua chombo kilichofika mikononi mwake, hata kama hakukiomba, ili aweze kuamua kwa haki akitumie au akiweke kando. Waliomletea wana wajibu wa kumpa muda na mwenzake. Na mwalimu mkuu ana wajibu mmoja wa ziada: jumuiya ya ujifunzaji inapokutana, yeye aketi miongoni mwa walimu wake, akiwa na kishikwambi chake mkononi, na awe wa kwanza kusema, "Hapa sijui, nani anionyeshe?" Akilisema hilo, wazee wengine wa shule watapata nafasi ya kulisema. Asiposema, hakuna waraka utakaowafungua midomo, na watoto wataendelea kungoja somo wasilojua kwamba wanalingoja.